Maji ya Paa Kubwa

Niliambiwa nipite nyumba zote za kitongoji chetu niwaeleze watu kuwa Jumamosi kuna kazi ya mtaro, kila nyumba itoe mtu mmoja na jembe lake. Nikapita. Nilifika hata kwa mzee mmoja asiyesikia, nikalazimika kumwonesha kwa vitendo jinsi tutakavyochimba, naye akadhani naomba kibarua, akanionea huruma na kunipa viazi. Nikarudi kwa Mwenyekiti nimejaa vumbi na fahari.

"Mama, nimemaliza."

"Zote?"

"Zote."

Alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa. "Na ile ya paa la bluu?"

Ile ya paa la bluu ni ofisi ya Serikali. Si ya halmashauri, maana halmashauri ni watu wetu na tunajua wanakonunua maandazi. Ni ya Serikali Kuu, yenye uzio, mlinzi na maua yanayomwagiliwa hata siku ya mvua. Sitaitaja ni ya idara gani kwa sababu idara ni nyingi na mimi ni mmoja. Nikacheka, nikijua ananitania.

"Mama, ile si nyumba. Ile ni ofisi."

"Ina paa?"

"Ina."

"Mvua ikinyesha, maji ya paa lile yanakwenda wapi?"

Hapo kicheko kikaniishia, kwa sababu jibu nilikuwa nalo mwilini. Maji ya paa lile yanatoka chini ya uzio, yanakata njia, yanaulamba ukuta wa jirani yangu Ma Koku, fundi cherehani, kisha yanaingia jikoni kwangu bila kubisha hodi.

"Yanakuja kwetu," nikasema.

"Basi ni nyumba. Rudi."

Nikarudi. Mlinzi aliposikia kwamba ofisi inatakiwa kutoa mtu na jembe, alinitazama kwa upole kama mtu anayemtazama mgonjwa, akaniuliza kama nimekula. Hiyo ndiyo siku niliyoanza kumfanyia kazi Mwenyekiti kwa kweli, ingawa ukatibu nilikuwa nao tangu zamani. Nilipewa kwa sababu ya mwandiko. Kidato cha nne kilinipa mwandiko mzuri. Mengine kiliyonipa tusiyaongelee.

Jina lake alikuwa nalo, tena zuri la ubatizo, lakini Kayanga nzima, mji wetu, ilimwita Mwenyekiti. Hata mchungaji wetu, akimwombea, alimtaja mbele za Mungu kwa cheo. Nami nitafanya hivyohivyo.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ya kila siku ni kutoka kitandani hadi dirishani, ambapo nauza vocha, soda na umeme wa LUKU. Watu wengine wanaijua dunia kwa kutembea. Mimi ninaijua kwa watu wanaoinama dirishani pangu na kulalamika. Mwenyekiti alikuwa kinyume changu. Yeye hakukaa, na zaidi ya yote hakukaa mvua ikinyesha.

Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mgeni angeliona. Mawingu yakikusanyika upande wa Ihembe, watu wote wa sokoni hukimbilia vibarazani. Yeye ndipo alipokuwa anatoka. Alivaa mabuti ya mpira chini ya kitenge, akajitanda nailoni kichwani, akapanda mteremko akiyafuata maji yanakotoka. Alisimama pembeni ya kila kona akiangalia, kama mtu anayehesabu ng'ombe wake wanaorudi zizini. Alisema ukitaka kumjua mtu, usiende kwake siku ya harusi, nenda siku ya mvua uone maji yake ameyapeleka wapi. Kuna waliochimba karo zao vizuri. Kuna walioyageuza kwa tofali moja yaende kwa jirani. Wote aliwajua, na alikuwa akiwasema kwa majina mkutanoni, pamoja na shemeji yake.

Mabuti yale alikuwa akiyavaa hata kanisani. Wazee wa kanisa walimwambia kwa heshima kwamba yanatoa sauti wakati wa maombi. Akawajibu kwamba Mungu ndiye anayeleta mvua, hawezi kuchukia mabuti.

Na jambo la pili lilikuwa kahawa. Kwetu, mgeni akiingia hutolewa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na majani yake ya harufu zikakaushwa, kwenye kikapu kidogo. Ukichukua, umekubali wenyeji na wenyeji wamekukubali. Ukikataa, watu watakuwa wanakutafakari hadi wajukuu wako. Mwenyekiti alitafuna kahawa kila nyumba aliyoingia, lakini maganda hakutupa kwenye uwanja wa mtu. Aliyatia mfukoni mwa sweta. Jioni alirudi na mfuko umevimba, akayamwaga kwenye migomba yake mwenyewe. Niliwahi kumuuliza sababu. Akasema, "Nimekula kwao. Uchafu nao niwaachie?"

Sasa, lile jengo la paa la bluu lilipokamilika, walikuja wageni kulizindua. Magari yalikuwa mengi hadi mbuzi wakakosa pa kupita. Utepe ukakatwa, watu wakala, nasi majirani tukasimama nje ya uzio tukinusa pilau. Hakuna aliyetukaribisha, na hakuna aliyeshangaa, isipokuwa mmoja. Kwetu mtu akihamia hujitambulisha kwa majirani. Ataleta dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi, au hata soda, watu wakae, waseme huyu sasa ni wetu. Mwenyekiti akasubiri. Ikapita wiki, zikapita nyingine, Serikali haikuleta dumu.

"Labda ana haya," akasema. "Twende sisi."

Akabeba kikapu cha kahawa, nami nikabeba uoga wangu, tukaingia kwa Mkuu wa Ofisi. Alikuwa bwana mnene kidogo kutoka Muleba, mkoani kwetu humuhumu, mpole, shati jeupe. Akatukaribisha viti. Mwenyekiti akafungua kikapu.

"Tumekuja kukukaribisha. Mgeni asipojitambulisha, tunajitambulisha sisi. Karibu, waitu, mwenzetu."

Yule bwana akatazama kikapu. Angekuwa mtu wa mbali angesema asante, nitampa mke wangu apike. Lakini mtu wa Muleba hawezi kusema hajui. Alijua kabisa kilichokuwa mbele yake. Nilimwona akiangalia mlango, akiangalia kikapu, kisha akachukua punje moja, akaitia mdomoni.

Mwenyekiti akatabasamu. Tulipotoka nje akaniambia, "Umeona? Ametafuna. Kuanzia leo ni jirani." Na kuanzia siku ile hakuiita tena Serikali. Alikuwa akiiita Jirani.

Msidhani alikuwa mpinzani. Hapa ndipo watu wengi walipomkosea, na mimi nikiwamo. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa gari la serikali miaka yote, na yeye Mwenyekiti aliipenda Serikali kama mtu anavyompenda mtoto wake mkubwa asiyeandika barua nyumbani. Bendera ikishushwa jioni, alisimama hata akiwa na ndoo kichwani. Kijana mmoja wa bodaboda aliwahi kuitukana Serikali mbele ya dirisha langu, matusi ya kawaida tu, ya bei ya mafuta. Mwenyekiti akamshika sikio.

"Mwanangu, jirani yangu hatukanwi na mtu anayeegesha pikipiki mlangoni kwake."

"Mama, si wewe unayesema kila siku hailipi kodi?"

"Mimi namdai. Wewe unamtukana. Hayo ni mambo mawili."

Kijana akanigeukia nimtetee. Nikajifanya natafuta chenji.

Hiyo kodi ilikuwa kodi ya majengo. Zamani ilikuwa na watu wake wa kuizungukia, siku hizi imo kwenye umeme. Mtu anakuja dirishani na fedha yake ya uniti, mwanzoni mwa mwezi sehemu inakatwa kabla hajapata mwanga. Mimi ndiye ninayempa habari, kwa hiyo mimi ndiye ninayetukanwa. Ma Koku alinitukana zaidi ya wote, na alikuwa na haki. Anapanga. Mwenye nyumba yuko Bukoba, lakini mita inamkata yeye aliyeko kwenye cherehani.

"Yaani nalipia kodi nyumba ambayo si yangu," alikuwa akiniambia.

"Ma Koku, mimi ni dirisha tu."

"Dirisha lenye mdomo."

Hata hivyo tulikuwa tunalipa. Tunapanda mteremko na ndoo, tunashuka na matope, tunalipa. Na fedha ile, tulielezwa, inakwenda kwanza juu, kisha sehemu yake inateremka. Mwenyekiti aliiona inavyoteremka. Kila mwaka aliiomba mamlaka ya mji fedha ya kuujengea mtaro wetu kwa mawe, na kila mwaka watu wa mji, waungwana wale, walimfungulia mikono mitupu. Mji una majengo, walisema, lakini yale makubwa hayamo kwenye hesabu. Ni ya Serikali.

Ndipo akamwalika Jirani mkutanoni. Mkuu wa Ofisi akaja, na hilo nampa heshima yake mpaka leo, kwa sababu angeweza kutuma barua ya udhuru. Akakaa mbele, akapewa soda. Tulikuwa wengi, tumekaa kwenye nyasi za uwanja wa shule. Mwenyekiti akasimama na mabuti yake.

"Mkuu, shida yetu ni ndogo. Jirani ana paa kubwa kuliko sote. Sisi tunalipia mapaa yetu, yeye halipii lake. Tunaomba alipe."

Yule bwana akasafisha koo. "Mama, majengo ya Serikali yanayotumika kwa shughuli za umma yamesamehewa kodi ya majengo."

"Nani aliyesamehe?"

"Sheria."

"Na sheria ilitoka wapi?"

"Kwa... ilitoka Serikalini, Mama, kupitia Bunge."

"Kumbe amejisamehe." Akatugeukia. "Nami siku moja ningependa kujisamehe."

Watu wakacheka hadi soda ya mgeni ikatikisika. Lakini yule bwana hakuwa mjinga. Akangoja kicheko kiishe, akasema kwa sauti ya taratibu kwamba fedha zote ni za umma. Serikali ikilipa mji, ni kama mtu kutoa fedha mfuko wa kushoto na kuitia wa kulia. Suruali ni ileile.

"Sawa," akasema Mwenyekiti. "Suruali moja. Ila mfuko wa kushoto uko Dodoma, na wa kulia ndio huu uko huku mvuani na umetoboka. Sisi tunaomba autie huu wa kulia."

Akaendelea, na hapa sauti yake ikawa ya mtu anayeeleza, si ya kugombana. Hakutaka Serikali ilipe zaidi ya mtu mwingine. Alitaka ilipe kama Ma Koku, kwa kadiri ya paa lake. Magari yake yanapita kwenye barabara yetu. Taka zake zinachukuliwa na trekta letu. Moto ukitokea kwake, ndoo za kwanza ni zetu. Akasema mtu akiwa jirani kwa kutumia, awe jirani kwa kutoa.

Na hapo ndipo yule bwana, ambaye naamini alikuwa amechoka kuchekwa, akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Aliinuka polepole.

"Mama Mwenyekiti, nakuheshimu. Lakini nyumba yako ya uani, yenye wapangaji. Ina mita?"

Watu wakatazama nyasi. Kwa sababu nyumba ya uani haikuwa na mita. Kila mtu alijua. Alikuwa amevuta waya kutoka nyumba ya mbele, kwa hiyo nyumba mbili zilikatwa kodi ya moja. Nusu ya Kayanga ilikuwa imefanya hivyohivyo na nusu nyingine ilikuwa inatafuta waya. Mimi nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Mwenyekiti alijifunga upya kitenge. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Ni kweli. Nimeificha nyumba moja. Jumatatu naenda kuiombea mita, na katibu wangu atanisindikiza, mje muulize." Akamgeukia Mkuu. "Mimi niliyoificha ina vyumba viwili na bati lililotoboka. Uliyoificha wewe inaonekana kutoka Ihembe. Utaiwekea mita lini?"

Hakuna aliyepiga makofi. Ilikuwa nzito mno. Yule bwana akakaa, akamalizia soda yake, na alipoondoka alimpa mkono kwa mikono miwili. Jumatatu tukaenda kuomba mita. Nilipanga foleni mimi, yeye akawa anakagua karo ya ile ofisi ya umeme.

Jumamosi iliyofuata wafanyakazi wa paa la bluu walikuja mtaroni. Walikuja kweli, na majembe mapya yenye vibandiko vya dukani. Mkuu wa Ofisi akachimba hadi shati likawa la kahawia na kupasuka kwapani. Ma Koku alitamani kulishona lile shati, alilitazama kwa uchungu wa kitaalamu. Tulifurahi. Tulikunywa rubisi pamoja. Na katikati ya furaha ile Mwenyekiti akamwambia, "Asante kwa mikono. Mikono ni ya leo. Kodi ni ya kila mwaka." Nilitaka ardhi inifunike, hasa kwa kuwa ilikuwa imekwisha kuchimbwa.

Sasa nifike kwenye lile ambalo sijui mpaka leo kama alikosea.

Kabla ya masika, gari lilishusha saruji kwenye ofisi ya kitongoji. Mifuko mingi, ya kutosha kuujenga mtaro wetu kutoka uzio wa Jirani hadi chini kwangu. Pamoja nayo walikuja Mkuu wa Ofisi na kijana mwenye kamera na bango la kitambaa lililoandikwa kuwa ni msaada kwa wananchi. Tulitakiwa tusimame nyuma ya bango, tucheke. Mimi nilishaanza kuchana nywele.

Mwenyekiti akalisoma bango mara mbili. Kisha akamwomba Mkuu wa Ofisi kitu kimoja: aandike kwamba saruji ile ni sehemu ya kodi ya jengo lake. Hata kwa kalamu tu, nyuma ya bango.

"Mama, sina mamlaka hayo," akasema yule bwana, na nilimwonea huruma kwa sababu ilikuwa kweli. "Hii nimeihangaikia mwenyewe. Pokea tu."

"Najua umehangaika. Lakini msaada unapigwa picha. Mwakani usipoletwa, nitamdai nani? Kodi haipigwi picha, na haiombwi kwa kucheka."

Ma Koku alikuwapo. Alisogea mbele na futi yake ya kupimia shingoni. "Mwenyekiti, nakuomba. Ukuta wangu."

"Naujua ukuta wako."

"Basi pokea."

"Tukipokea hii, mwanao Koku atakuwa mkubwa na bado atakuwa anasimama nyuma ya bango."

Saruji ikapakiwa tena. Mimi ningepokea. Naandika hili wazi ili asiwepo wa kunidhania ushujaa: ningepokea, ningecheka, na ningeiweka picha ile sebuleni.

Masika yalikuja kama yalivyozoea. Mvua ya mchana mmoja, ya saa chache, na paa la bluu likamwaga yote liliyokuwa nayo. Tulisikia kishindo. Ukuta wa Ma Koku, ule wa upande wa njia, ulilala chini mzima mzima, na cherehani ikawa imesimama mvuani katikati ya vitambaa vya wateja. Hakuna aliyeumia. Ma Koku alikaa juu ya kiti chake cha kushonea, maji yakimpita miguuni, akimtazama Mwenyekiti aliyekuwa anakuja na mabuti yake.

Hakumtukana. Ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Umefika. Hesabu sasa."

Mwenyekiti aliinamia cherehani, akaishika upande mmoja, akanipigia kelele nishike wa pili. Tukaipeleka kwenye nyumba yake ya uani, ile yenye mita mpya. Aliwahamishia wapangaji wake chumba cha mbele, akamweka Ma Koku na mwanawe bila kodi ya pango mpaka ukuta uliposimama. Tofali alibeba yeye, katika umri wa kubebewa. Miezi yote hiyo Ma Koku alilala kwake, alikula kwake, na hakumsalimia. Alikuwa akipita akiuambia mlango "Asante kwa chakula".

Uchaguzi ulipofika Mwenyekiti akashindwa. Kijana aliyemshinda aliahidi kwamba mambo ya Serikali atayaachia Serikali. Ma Koku alikuja dirishani pangu kununua umeme, akaniambia bila kuulizwa, "Sikumpigia. Na usimfiche." Sikumficha. Mwenyekiti aliposikia, alitafuna kahawa yake, akatia ganda mfukoni, akasema, "Ana haki. Ukuta ulikuwa wake."

Baadaye magoti yakamshinda mteremko, binti yake akamchukua kwake Kibingo, kule Kyerwa. Yule Mkuu wa Ofisi naye akahamishwa. Akaja mwingine, halafu mwingine. Mtaro ukabaki wa udongo. Yule kijana wetu mwenye kiti akatimiza ahadi yake, ameyaacha.

Mwaka huu nikaamua kwenda kumwona. Mnielewe uzito wa jambo hilo: kutoka Kayanga hadi Kibingo, kwa mtu kama mimi, ni kama wengine wanavyokwenda ng'ambo. Nilifunga dirisha, nikaaga majirani, nikabeba sweta mbili. Nilifika na vumbi hadi kwenye meno. Alikuwa ameketi ukumbini kwa binti yake, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, mabuti yamesimama pembeni ya mlango yakiwa safi kabisa. Usafi ule wa mabuti ndio ulioniumiza.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Amelipa?"

Hakuuliza kuhusu kaka yangu wala kuku wala kanisa. Nikasema bado, hajalipa.

"Nani yuko pale sasa?"

"Mkuu mpya. Mwanamke, kijana, wa Bukoba."

"Mmemkaribisha?"

Nikamwambia kwamba siku hizi hakuna anayeingia mle. Akanitazama jinsi alivyokuwa anatazama kona yenye maji yaliyogeuzwa.

"Kwa hiyo akisema hajui kama ana majirani, atakuwa anasema kweli."

Akamwita binti yake alete kahawa. Nikadhani ni yangu, nikanyoosha mkono. Akanipiga kofi dogo la vidole. Akazifunga kwenye jani la mgomba lililokaushwa, akakaza kwa kamba ya mgomba, akaniwekea mapajani.

"Mpelekee. Mwambie zimetoka kwangu, lakini aliyezileta ni wewe."

"Mama, mimi si mwenyekiti. Mimi nauza vocha."

"Una paa?"

"Ninalo."

"Basi nenda."

Niliporudi, kile kifurushi kilikaa juu ya friji ya soda siku ambazo sitazisema. Halafu ikanyesha. Mvua ya adhuhuri, si kubwa. Nilikaa dirishani nikayatazama maji yanavyotoka chini ya uzio, na nikajikuta nimeshaingiza miguu kwenye mabuti. Nina jozi moja. Nilinunua baada ya jikoni kuingiliwa mara nyingi, lakini sikuwahi kuyavaa kupanda mteremko, niliyavaa kushuka tu.

Mlinzi ni yuleyule. Akanitazama kwa upole uleule. Nikamwambia nimekula, naomba kumwona Mkuu.

Yule dada alinipokea vizuri. Nikaweka kifurushi mezani, nikakifungua, nikasema maneno ambayo nilikuwa nimeyasikia mara moja tu maishani: "Tumekuja kukukaribisha." Tumekuja, nikiwa peke yangu, natiririka kwenye zulia la Serikali. Akatazama zile buni. Uso wake ukabadilika, ukawa wa binti wa mtu fulani. Akachukua tatu, akatafuna. Nikaona amejua.

Nikamwambia habari ya paa. Niliruka mambo, nikasahau suruali na mifuko yake yote, lakini nilisema kwamba tunaomba Jirani alipe kama sisi tunavyolipa, na kwamba nitarudi kuuliza. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema suala hilo analifahamu, limeshapelekwa ngazi za juu na linafanyiwa kazi. Akasema nimsalimie sana Mama, nimwambie ametafuna. Maganda aliyatafutia pa kutupa; nikanyoosha kiganja, nikayatia mfukoni.

Nikashuka. Mvua ilikuwa bado. Ma Koku alikuwa kwenye cherehani yake, nyuma ya ukuta ule aliojengewa, na chini ya ukuta maji yalishaanza tena kuchimba, yamefungua kijishimo cha kuingiza ngumi. Amekiwekea tofali. Akayaona mabuti yangu, akaniona ninakotoka. Akasimamisha mguu.

"Ulikwenda kule?"

"Nilikwenda."

"Wamesemaje?"

Nikamwambia walivyosema, kwamba suala linafanyiwa kazi. Ma Koku akainama, akalisukuma lile tofali kwa mguu liingie ndani zaidi, akarudisha kitambaa chini ya sindano.

"Kesho rudi ukawaambie," akasema, "mvua nayo inalifanyia kazi."